Nzai Mvunja Springi

Nzai wa Ngowa alikuwa fundi wa kuvunja. Wenzake wote pale karakana ya Badawi huko Likoni walikuwa mafundi wa kutengeneza. Yeye peke yake ndiye aliyelipwa mshahara ili aharibu, na kwa hilo hawakumwacha apumue. "Nzai, jana umevunja nini?" wakimwuliza asubuhi kabla hata ya salamu. Muuza kahawa wa pale karibu na feri alikuwa akivuta vikombe vyake nyuma kila anapomwona anakuja, eti asije akavigusa. Nzai akicheka nao. Hakuwa mtu wa kukasirika upesi, na kazi yake, kama mtu angempa nafasi ya kuieleza, haikuwa na mchezo hata kidogo.

Badawi alikuwa mtu wa ukoo wa zamani wa Mombasa, mfanyabiashara mwana wa wafanyabiashara, na aliona mapema kwamba mji umejaa magari ambayo huko yalikotoka yamekwisha kusahauliwa. Magari yaliyoshushwa Kilindini zamani hizo, ya magurudumu ya mbao na taa kubwa kama sufuria, yalikuwa bado yanabeba watu na nazi kwenda Kwale na Mazeras, na yakivunjika springi hapakuwa na pa kununua nyingine. Basi akafungua karakana, akamwajiri mhunzi mmoja aliyeitwa Phineas, wakaanza kufua springi wenyewe, jani juu ya jani, kutokana na vyuma vya malori yaliyokufa. Biashara ikashika. Kisha siku moja springi yao ikakatika kwenye mteremko, gari likapinduka, watu wakafa. Badawi alijifungia ndani siku kadhaa. Alipotoka aliapa wallahi hatauza tena springi asiyoujua mwisho wake. Katika kila fungu itolewe moja, ifungwe kwenye gari, iendeshwe mpaka ivunjike, na ikivunjika mapema fungu zima lirudi motoni.

Hapo ndipo alipotafutwa mtu wa kuendesha, akapatikana Nzai, aliyewahi kuendesha malori ya jeshi huko Uhabeshi wakati wa vita na kurudi na mgongo mzima, jambo ambalo Badawi alilihesabu kuwa ni cheti tosha.

Nyuma ya karakana palikuwa na shamba la minazi. Humo wakakata njia ya mviringo, wakazika magogo ya minazi nusunusu kuikatiza, na kati ya gogo na gogo wakatupa mawe ya matumbawe. Gari la kujaribia lilikuwa kuukuu kuliko yote yaliyokuwapo mjini, halina paa wala milango, na jina lake lilikuwa Kikongwe. Walilipakia magunia ya mchanga mpaka likainama, Nzai akapanda, akajifunga kiuno kwa leso kuukuu ya mkewe na kuikaza sana ili figo zisimshuke, akaanza kuzunguka. Alizunguka hivyo asubuhi hadi jioni, akirushwa juu na kupigwa chini, meno yamebanwa ili asijiume ulimi. Kila baada ya muda alisimama, akaingia chini ya gari, akaipangusa springi kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa na kuipaka chaki. Kisha akangoja. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yalipenya kwenye chaki, ukatokea mstari mwembamba mweusi katika weupe. Ufa ambao jicho lisingeuona ulijichora wenyewe.

Phineas hakupenda kuuona mstari huo. Springi zilikuwa kama watoto wake, na Nzai akimwita aje kutazama, alikuwa akiinama na kusema, "Hii imelegea tu, Nzai. Imechoka kidogo." Badawi hakuyataka maneno hayo.

"Springi haina heshima zake, fundi," alikuwa akisema. "Kama imevunjika niambie imevunjika. Kama nzima niambie nzima. Mimi nitapandisha watu juu yake."

Nzai aliipenda kazi kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine yoyote. Pale shambani neno lilikuwa na maana yake, basi.

Nje ya shamba mambo yalikuwa mengine. Sisi watu wa pwani tuna adabu zetu, na nyingine, Mungu atusamehe, ni za kuumizana. Mombasa hakuna mtu anayekufa. Mtu "huzidiwa". Hali yake "si nzuri sana". "Anakuulizia." Anayeletewa habari hupewa neno hilo laini ili afike nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na huko awakute watu wa kumshika. Mpeleka habari akisema wazi njiani ataonekana hana malezi, na kwa hiyo wote husema vile vile, Waislamu na Wakristo, wa mjini na wa huko Kaloleni alikotoka Nzai. Mzee Ngowa, baba yake Nzai, alipofariki, mtu alikuja bandarini ambako Nzai alikuwa kibarua wakati huo, akamwambia, "Mzee anaumwa kidogo, anakuulizia." Nzai akaamini. Akatafuta dawa mji mzima, akapata chupa kwa Mhindi mmoja wa Makupa, akaenda nayo mbio, njia nyingine kwa basi na nyingine kwa miguu, akaingia uani kwa baba yake akihema na chupa mkononi. Kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa. Watu waliokuwa wamekaa waliitazama ile chupa kisha wakatazama kando. Nzai hakuisahau aibu ile maisha yake yote, na tangu siku hiyo alijua kusikiliza. Akiambiwa "amezidiwa" alielewa. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Mkewe aliitwa Kafedha. Walizaa mtoto mmoja, Ruwa, ambaye hakufika umri wa kutembea, na baada yake hawakupata mwingine. Lakini jina lilibaki. Yeye alimwita mumewe Baba Ruwa, naye akamwita Mama Ruwa, na wageni waliowasikia walidhani mtoto yuko shuleni au kwa bibi yake. Waliishi Junda, Kisauni, katika nyumba ya udongo na makuti iliyopakana na ya Bi Kuluthum, mjane wa Kimvita aliyehamia bara baada ya mumewe kufariki na nyumba ya kisiwani kugawanywa. Bi Kuluthum na Kafedha walikuwa wakigombana juu ya kuku kwa muda wa mwaka mzima, kisha siku moja wakaacha, na tokea hapo hapana chakula kilichopikwa upande mmoja kisionjwe upande wa pili.

Kafedha alianza kuumwa kabla ya mwaka wa ile mvua kubwa, miaka miwili tu kabla ya bendera mpya kupandishwa. Miguu ilivimba. Akipanda kitandani alihema kama aliyebeba pipa la maji. Hospitalini walimlaza, wakamwambia ni moyo, wakampa vidonge, kisha wakamrudisha nyumbani akapumzike, na Nzai, aliyeijua sauti ya chuma kilichofika mwisho, hakuhitaji daktari amwambie zaidi. Aliumia sana. Usoni hakuonyesha, lakini wenzake karakana waliona kwamba akiulizwa amevunja nini hacheki tena, na wakaacha kumwuliza.

Kafedha hakuogopa kufa. Aliogopa kitu kimoja, na alikisema wazi, kwa sababu naye alikuwa mtu wa kusema. Mama yake alikufa hospitali ya mbali, amezungukwa na watu wasiojua jina lake, wala hakupatikana hata mmoja aliyeweza kusema baadaye maneno yake ya mwisho yalikuwa nini.

"Usiniache nikafa mikononi mwa watu, Baba Ruwa," alisema. "Sitaki kingine."

"Hutakufa mikononi mwa watu. Nitakuwapo."

"Niahidi."

Akamwahidi.

Mvua zilipopungua kidogo, Badawi alikuwa na springi za mwenye mabasi wa Kwale zinazongojwa. Njia ya huko ilikuwa imeharibika vibaya, mabasi yalikuwa yamelala, na abiria wanakwenda kwa miguu na mizigo kichwani. Nzai alikuwa amekaa nyumbani siku kadhaa. Asubuhi hiyo Kafedha alionekana afadhali. Alikunywa uji, akataka asogezwe karibu na dirisha.

"Nenda kazini," alimwambia. "Usikae hapa kunitazama kama springi."

"Nitakwenda, lakini sitakaa. Ikipasuka tu narudi."

"Na isipopasuka?"

"Hakuna isiyopasuka, Mama Ruwa."

Akatabasamu. "Haya. Nikizidiwa nitamwomba Bi Kuluthum atume mtu."

"Utume hata kwa jambo dogo."

"Nitatuma."

Nzai akapita kwa Bi Kuluthum kumwamkia na kumwachia mgonjwa, kisha akashika njia ya mabasi, akavuka daraja la Nyali, akakatiza mji hadi feri, akavuka tena. Alikuwa na matumaini asubuhi hiyo. Kulikuwa na jua baada ya siku nyingi za mawingu, na alipoifunga springi mpya kwenye Kikongwe aliimba kidogo, jambo ambalo Phineas alilieleza baadaye mara nyingi, kila mara akitikisa kichwa.

Ile springi ilikuwa ngumu. Nzai alizunguka na kuzunguka, magogo yakampiga, chaki ikabaki nyeupe. Jua lilikuwa limepanda lakini halijafika utosini alipomwona mtu amesimama chini ya minazi, amevaa kanzu safi na viatu vilivyojaa tope. Alikuwa Faraj, mwanawe Bi Kuluthum, fundi cherehani, mtu mzima mwenye watoto wake, mpole, wa sauti ya chini, ambaye hata wateja wasiomlipa aliwadai kwa kuwaulizia afya zao. Nzai akazima gari.

"Habari za kazi, Bwana Nzai."

"Nzuri, Faraj. Za nyumbani?"

Hapo Faraj aliinamisha uso. Alikuwa amekuja mbio kutoka Kisauni, na njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kulisema jambo hili bila ya kumtia mwenzake kiwewe, maana alijua atamkuta juu ya gari.

"Nyumbani hali si nzuri sana," alisema. "Shemeji amezidiwa kidogo. Mama asema uje. Jitie subira, Bwana Nzai. Mambo yote ni ya Mungu."

Hakuna hata neno moja katika hayo lililokuwa la uongo. Kafedha alikuwa amezidiwa. Alikuwa amekaa kitandani, ameegemea kifua cha Bi Kuluthum, anahema, na kwa kinywa chake mwenyewe alikuwa amesema, "Mtume Faraj. Mwambie nimezidiwa, aje." Faraj aliubeba ujumbe kama alivyopewa, na yale mapambo ya adabu akayaongeza mwenyewe, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

Nzai alimsikiliza mpaka mwisho. Amezidiwa, kidogo, jitie subira, mambo ni ya Mungu. Aliyajua maneno haya. Aliyajua yalivyopangwa, moja baada ya jingine, na aliijua ile namna ya kuinamisha uso. Akashuka garini polepole, akafungua leso kiunoni, akaikunja. Hakuuliza kitu. Mtu aliyeletewa habari kama hiyo haulizi, kwa sababu kuuliza ni kumlazimisha mwenzako aseme lile analokuepusha nalo. Akakaa kwenye gogo, akalia.

Faraj alisimama kando akimngojea. Aliona ni haki ya mtu kumlilia mkewe mgonjwa. Alipoona ametulia akasema, "Twende basi, Bwana Nzai."

"Wewe tangulia," alisema Nzai. "Waambie nakuja. Mimi lazima nipitie Changamwe kwa kaka yake, kwa Gona. Haifai asikie kwa watu wengine."

Hata hapo palikuwa bado na nafasi ya kuelewana. Lakini Faraj aliona ni jambo la maana, mgonjwa aletewe ndugu yake, na akasema, "Naam, ni vizuri aje," akaondoka kwa haraka kurudi feri. Phineas alimpa Nzai mkono. Badawi alitoka ofisini, akamshika bega, akamwambia achukue siku anazotaka, naye akatumia maneno yale yale ya subira, maana alikuwa ameelewa vile vile.

Nzai hakukimbia. Hili ndilo lililomtesa baadaye kupita yote. Alikwisha kukimbia mara moja maishani mwake kwa mtu aliyekwisha kufa, na safari hii alijiambia kwamba aliye maiti hana haraka, kilichobaki ni kumfanyia mambo yake kwa utaratibu, asiaibike. Feri ya kwanza ilikuwa imejaa, akaiacha iende, akangoja ya pili. Upande wa kisiwani alitembea mpaka duka la nguo, akaomba bafta nyeupe, akaipapasa kuona kama ni nzito, akataka iliyo bora kuliko ile. Mwenye duka aliipima kwa dhiraa bila ya kuuliza ni ya nini, kwani sanda hujulikana. Nzai akaitia kwapani imefungwa kwa karatasi, akapanda basi la Changamwe.

Alimlilia mkewe ndani ya basi lile kwa kichwa kilichoinama. Alimwomba radhi kimoyomoyo. Nilikuahidi nitakuwapo, alimwambia, nikaenda kuzunguka kwenye magogo. Umekufa mikononi mwa watu na mimi naimba. Na saa hiyo hiyo, huko Junda, Kafedha alikuwa akiuliza kama feri imeshavuka.

Gona alikuwa kibarua wa ujenzi huko Changamwe. Iliwapasa wamtafute msimamizi ili apewe ruhusa, kisha wakaenda nyumbani kumchukua mkewe, Pascalia, naye akataka kubadili nguo na kuazima leso nyeusi kwa jirani, na mtoto mchanga aachwe mahali. Nzai alikaa nje kwenye benchi akiwangojea. Hakuwahimiza. Alikunywa maji aliyopewa. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa pili walipopanda gari la kurudi mjini, na walipofika kituo cha Kisauni adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa zamani.

Huko kwao Kaloleni, wafiwa hawaingii nyumba ya msiba kimya kama wezi. Kilio huanzia njiani, ili marehemu ajue watu wake wamefika na majirani wajue ana watu. Pascalia alikuwa mwanamke wa heshima na alimpenda wifi yake. Walipofika kwenye uchochoro wa mwisho, pale penye kisima, aliweka mikono kichwani, akapaza sauti. Alimlilia Kafedha kwa jina. Alimlilia kwa jina la baba yake na la mama yake, akauliza ni nani sasa atakayempokea akija Junda, akauliza udongo una njaa gani usiotosheka. Gona akaitikia nyuma yake kwa sauti nzito. Nzai alitembea katikati yao na bafta kwapani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijihisi nafuu, kwa kuwa angalau hili lilikuwa linafanyika kama inavyopasa.

Majirani walitoka milangoni. Nzai aliwaona wanaduwaa, wala hakuelewa kwa nini. Kisha mlango wa nyumba yake ukafunguka na Bi Kuluthum akatoka, kichwa wazi, leso imemwanguka mabegani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Nyamazani," alisema. "Mwamlilia nani? Nani alowambia kafa?"

Pascalia akashusha mikono kichwani.

"Yu hai," alisema Bi Kuluthum. "Yu hai, na masikio yake mazima. Hivyo mnavyopiga kelele yuwasikia."

Nzai hakukumbuka alivyoingia. Alikumbuka tu kwamba Bi Kuluthum alimzuia mlangoni kwa mkono mmoja, akakichomoa kile kifurushi kwapani mwake, akakiingiza ndani ya nguo zake mwenyewe, kisha akampisha.

Kafedha alikuwa amelazwa juu ya mito. Macho yake yalikuwa wazi, yanaangalia mlango, na kutoka kila jicho machozi yalikuwa yakimtiririka kuelekea masikioni. Midomo ilicheza. Nzai akapiga magoti, akamshika mkono, akaweka sikio karibu kabisa. Haikutoka sauti.

"Ulimi umemwacha alasiri hii," Bi Kuluthum alisema nyuma yake, na hasira yake ilikuwa imekwisha, sauti imebaki ya uchovu tu. "Tangu asubuhi akikwita. Adhuhuri imemkuta bado yuwasema. Faraj alipokuja akatwambia wapitia kwa ndugu yake, nikamwambia, akafurahi. Akasema, 'Basi nitamngoja.' Kila kishindo cha nje alikuwa akifungua mato. Hata kilipoanza hicho kilio alifungua mato, kwa kuijua sauti ya wifiye."

"Alitaka kusema nini?"

"Nlimwuliza aniambie mimi. Akasema hapana, ni lako."

Nzai alimweleza Kafedha. Alimweleza yote, kwa maneno ya wazi, kwamba alidhani amekwisha kufa, kwamba ndiyo maana hakukimbia, kwamba aliiacha feri ikaenda. Alisema, "Nisamehe, Mama Ruwa." Alimwangalia usoni kama anavyoangalia chaki, akitafuta mstari wowote, dalili yoyote ya kumwonyesha kwamba amesikia na ameelewa. Macho yake yalimtazama tu. Kidole kimoja kilisogea ndani ya kiganja chake, lakini vidole vya mgonjwa husogea vyenyewe, na Nzai, ambaye kazi yake ilikuwa kutojidanganya, hakuweza kukihesabu kuwa ni jibu. Kabla ya jua kuzama alikata roho.

Walimzika kesho yake kwa ile bafta. Ilikuwa nzuri, watu waliisifu.

Baada ya msiba Nzai alirudi kazini mapema kuliko alivyotakiwa. Ile springi ya mwenye mabasi ilikuwa bado imefungwa kwenye Kikongwe, maana hakutokea mwingine aliyekubali kuzunguka nayo, akaizungusha mpaka ikakatika. Karakana nzima ilimhurumia, na kila mtu akazungumza naye kwa upole, kwa mafumbo, wakitaja "ile siku" na "yale mambo", mpaka akawa anakula peke yake.

Faraj hakuonekana Junda muda mrefu. Mama yake alisema hali chakula vizuri, cherehani imelala, anajiona kama muuaji. Kisha siku moja alikuja mwenyewe Likoni. Alisimama pale pale chini ya minazi, na Nzai akazima gari kama siku ile.

"Nimekuja uniwie radhi, Bwana Nzai."

"Huna la kuniomba radhi, Faraj. Ulitumwa, ukatumika."

"Hata hivyo."

Nzai akashuka, akakaa kwenye ubao wa kupandia garini. Alikuwa na swali ambalo alikuwa amelizungusha kichwani tangu siku ya mazishi, na hakuwa amempata wa kumwuliza.

"Mbona hukuniambia kwamba yu hai?"

"Hukuniuliza," alisema Faraj kwa sauti ya chini.

"Kweli. Sikukuuliza. Na ningekuuliza, ungenijibu nini?"

"Ningekwambia yu hai. Wallahi ningekwambia."

"Na kama angekuwa ameshakufa? Nikakuuliza vile vile, nimesimama hapa. Ungenijibu nini?"

Faraj aliyatazama magogo, akaitazama mikono yake. Alikuwa mtu mkweli, na ilimchukua muda mrefu kwa sababu hiyo.

"Ningekwambia yu hai," alisema.

Nzai akaitikia kwa kichwa. Akasogea kidogo pale kwenye ubao ili mwenzake apate pa kukaa.